Ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu homoni, ukuaji wa mtoto tumboni na kliniki

Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Neno "wiki" humu lina maana moja tu, ile ya swali la 1. Ukiliruka hilo, tarehe nyingine zote zitakuchanganya.

## Kuhesabu mimba

1. Mkunga anasema mimba ina wiki 5, lakini mume wangu amerudi safari wiki tatu tu zilizopita. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na hesabu hii imegombanisha watu wengi bure. Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siyo siku ya tendo. Siku ya hedhi mwanamke huikumbuka. Siku yai lilipotoka hakuna anayeiona. Kwa mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo zinahesabiwa ingawa mimba bado haipo. Wiki 5 za kliniki ni wiki 3 hivi tangu yai lirutubishwe.

2. Tarehe ya kujifungua inapatikanaje?

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha songa mbele miezi 9. Hedhi iliyoanza 5 Juni inakupa 12 Machi: siku 280, yaani wiki 40. Kama mzunguko wako ni wa siku 35, yai lilichelewa wiki moja, basi nawe sogeza hadi 19 Machi. Usiikumbatie sana tarehe yenyewe, kwani ni kama mtoto mmoja tu katika 20 anayezaliwa siku hiyohiyo.

Ultrasaundi ya kabla ya wiki 14 ndiyo inayopima umri vizuri kuliko zote, kwa sababu katika miezi hiyo watoto wote hukua kwa kasi inayokaribiana. Hupimwa urefu kutoka utosini hadi makalioni, na kosa lake ni siku 5 hadi 7. Kuanzia wiki 9, kipimo hicho kikipishana na hedhi yako kwa zaidi ya siku 7, tarehe hurekebishwa. Baada ya hapo haibadilishwi tena. Ultrasaundi ya wiki 34 inaweza kukosea umri kwa wiki tatu nzima, maana sasa inapima unene wa mtoto, na watoto hutofautiana. Ukipewa tarehe mpya mwishoni mwa mimba ilhali una kipimo cha mapema, shika ile ya mapema.

3. Hedhi imechelewa lakini kipimo cha mkojo kinasema hakuna mimba. Nikiamini?

Subiri siku 2 au 3, kisha rudia kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kijiti kinatafuta homoni ya hCG, ambayo haianzi kumwagika kwenye damu mpaka yai lililorutubishwa lijishike kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, siku 6 hadi 10 baada ya yai kutoka. Vijiti vingi huhitaji uniti 25 hivi kwa lita. Kama yai lilitoka kwa kuchelewa, au ulikunywa maji mengi kabla ya kupima, hufiki kiwango hicho.

Mstari hafifu uliojitokeza ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni mstari. Uliojitokeza baada ya nusu saa hauhesabiki. Mara nyingi ni alama ya mkojo uliokauka.

Kuna kituko kimoja adimu: hCG ikiwa nyingi kupita kiasi, kama kwenye mimba ya zabibu (kondo linalokua vibaya na kuwa vifuko kama zabibu), kijiti huzidiwa na kuonyesha "hakuna". Tumbo linakua, unatapika, kipimo kinakataa? Mpimaji auchanganye mkojo na maji na kurudia.

## Homoni

4. hCG yangu ni 1,200. Ni nzuri?

Namba moja haisemi chochote. Wanawake wawili wenye mimba nzima za wiki 5 wanaweza kupishana mara kumi. Kinachosomwa ni mwendo: damu ya leo na ya baada ya saa 48, katika maabara ileile. Mimba changa inayoendelea vizuri huongeza homoni hii kwa nusu au zaidi ndani ya saa hizo 48. Ikipanda kwa kusuasua, kuna wasiwasi wa mimba inayoharibika au iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi (swali la 15). hCG hufika kileleni kati ya wiki 8 na 11, halafu hushuka yenyewe. Anayepima wiki 13 na kukuta imepungua asipige kelele.

5. Kiungulia, choo kigumu, mkojo kila saa. Vyote ni homoni?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na mhusika mkuu ni projesteroni. Mwanzoni hutoka kwenye ovari, katika kifuko kilichobaki baada ya yai kuondoka. Kati ya wiki 7 na 10 kondo la nyuma hushika kazi hiyo. Kazi yake kuu ni kuilegeza misuli ya mfuko wa uzazi isijikaze na kumtoa mtoto. Tatizo ni kwamba haichagui. Hulegeza pia kizibo cha juu ya tumbo, asidi ikapanda kooni. Hulegeza utumbo, chakula kikatembea polepole na maji yake yakafyonzwa mno. Hulegeza mirija ya kutoka kwenye figo, mkojo ukatuama na bakteria wakapata makazi.

Hilo la mwisho ndilo la kuliangalia. Mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila maumivu yoyote, na wakiachwa hupanda hadi kwenye figo. Ndiyo maana kliniki wanataka mkojo wako hata kama hujalalamika.

Swali linalofuata huwa: basi nipewe projesteroni nizuie mimba kutoka? Siyo dawa ya kila mtu. Ina faida iliyothibitika kwa wenye historia ya mimba kuharibika ambao sasa wanatokwa damu, na kwa wale ambao ultrasaundi imeonyesha shingo ya kizazi ni fupi, milimita 25 au chini, kabla ya wiki 24.

6. Natapika kila kitu. Kawaida inaishia wapi na hatari inaanzia wapi?

Kichefuchefu huanza wiki 5 au 6, hukaza karibu na wiki 9, na kwa wengi hutulia kati ya wiki 14 na 16. Lawama zilitupiwa hCG kwa muda mrefu, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulielekeza kidole kwenye homoni nyingine, GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo. Wanawake waliokuwa nayo kidogo kabla ya mimba ndio wanaoumia zaidi inapopanda ghafla. Si deko, na si dharau kwa baba wa mtoto.

Kula kidogo kila saa mbili. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Weka kitu kikavu karibu na kitanda, ukile kabla ya kuinua kichwa. Kunywa kati ya milo, siyo pamoja na chakula. Vidonge vya chuma vihamishie usiku. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, huwasaidia wengi.

Nenda hospitali ukipitisha saa 24 bila hata maji kukaa, ukikaa saa 8 bila kukojoa, au ukipoteza asilimia 5 ya uzito (kilo 3 kwa aliyekuwa na 60). Huko, kama umetapika kwa wiki kadhaa, thiamini (vitamini B1) inatakiwa itangulie dripu yenye sukari. Sukari ikitangulia humaliza akiba ndogo ya thiamini iliyobaki, na ubongo unaweza kuumia.

7. Sijawahi kuwa na kisukari. Kwa nini nipimwe?

Kwa sababu kondo hutengeneza homoni zinazozuia insulini yako isifanye kazi barabara, ili sukari ibaki kwenye damu na kumfikia mtoto. Kongosho likishindwa kufidia, hicho ni kisukari cha mimba. Huwa hakina dalili. Kipimo hufanywa wiki 24 hadi 28: unafunga usiku, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Mipaka ni 5.1, 10.0 na 8.5 (milimoli kwa lita). Kuvuka hata mmoja kunatosha. Usijinyime wanga siku chache kabla ili "ufaulu". Unaweza kuharibu jibu, na mtihani wenyewe ni wa mtoto.

## Mtoto tumboni

8. Viungo vinaundwa lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Moyo huanza kama mrija mwembamba, na kufikia wiki 6 ultrasaundi ya kupitia ukeni huweza kuonyesha mapigo yake. Mwishoni mwa wiki hiyohiyo mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, unakuwa umeshafunga. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Sasa piga hesabu: mwisho wa wiki 6, hedhi imechelewa wiki mbili tu. Wengine hawajapima bado. Kidonge cha foliki kinachoanzwa wiki 12 kimeshalikosa tukio hilo (swali la 12).

Wiki 10 kiinitete kinaitwa kijusi: viungo vyote vikuu vimeshaundwa, na kilichobaki ni kukua na kukomaa. Wiki 12 ana sentimita 6 hivi kutoka utosini hadi makalioni, figo zinatoa mkojo, na mkojo huo baadaye ndio unakuwa sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka. Anayameza, anayakojoa, anayameza tena. Maji yakipungua sana, mojawapo ya mambo yanayokaguliwa ni figo zake.

Wiki 20 ana gramu 300 na kitu. Wiki 28 ana kilo 1 hivi na macho yanafunguka. Mapafu ndiyo ya mwisho kuwa tayari. Hewa hahitaji, oksijeni inapitia kwenye kitovu, lakini kifua hufanya mazoezi ya kupumua na maji. Kinachongojwa ni ute unaozuia vifuko vya hewa kugandana anapozaliwa. Huanza kutengenezwa karibu na wiki 24 na kutosheleza karibu na wiki 34 au 35. Hapo ndipo njiti wa wiki 30 anapopatia shida. Uchungu ukitishia kuanza kati ya wiki 24 na 34, mama huchomwa sindano za steroidi, kwa mfano deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12 mara nne, ili ute huo uharakishwe. Uamuzi huo unategemea umri wa mimba, na umri usiojulikana huufanya kuwa kubahatisha.

9. Mtoto anaanza kucheza lini, na acheze mara ngapi?

Mimba ya kwanza, wengi husikia wiki 18 hadi 20; waliokwisha kuzaa, wiki 16 hadi 18. Mwanzoni ni kama kiputo kinachopasuka. Kondo likiwa limekaa mbele, linaziba na utachelewa. Ukifika wiki 24 bila kusikia kitu, nenda ukaangaliwe.

Baada ya wiki 28 kila mtoto ana ratiba yake, na unayoilinda ni hiyo. Ukiona amepunguza, lala ubavu wa kushoto, tulia, hesabu: miguso 10 ndani ya saa 2 inatuliza. Isipofika, nenda saa hiyohiyo, siyo kesho asubuhi. Maneno kwamba mwishoni mtoto "hana nafasi ya kucheza" yamewachelewesha watu. Mchezo hubadilika namna, lakini haupungui. Wala usijitulize kwa mashine ya nyumbani ya kusikiliza moyo. Mara nyingi inayosikika ni mishipa yako mwenyewe.

10. Umbo la tumbo linaonyesha jinsia?

Hapana. Linaonyesha misuli ya tumbo lako, mtoto amelalaje, na hii ni mimba ya ngapi.

## Kliniki na vidonge

11. Niende lini, mara ngapi, na watanipima nini?

Mara unapojua. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio 8: moja ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40, pamoja na ultrasaundi moja kabla ya wiki 24.

Siku ya kwanza huwa ndefu: kundi la damu na Rhesus (ile chanya au hasi ya kundi lako, swali la 17), wingi wa damu, VVU, kaswende, homa ya ini B, mkojo, presha, uzito, chanjo ya pepopunda. Kaswende isiyotibiwa hupita kwenye kondo na kumuua au kumlemaza mtoto, na kinga yake ni penisilini. Hakuna sababu ya kukwepa kipimo hicho.

Kuanzia wiki 20 na kitu, mkunga anakupima kwa tepe kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Sentimita hukaribiana na wiki, pungufu au zaidi ya 2. Wiki 30 na sentimita 26 ni sababu ya kwenda ultrasaundi. Kama tarehe ilikosewa, tepe nayo itasomwa vibaya.

12. Foliki na chuma: kiasi gani, na kwa nini nikivinywa naumwa tumbo?

Foliki ni mikrogramu 400 kwa siku, ianzwe kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa fulani za kifafa, huandikiwa miligramu 4 au 5. Palipo na malaria na unapewa SP, vidonge vya kuizuia, dozi hiyo kubwa ya foliki hudhoofisha SP, mwambie anayekuhudumia. Zile mikrogramu 400 hazina shida.

Chuma ni miligramu 30 hadi 60 kwa siku, ila soma vizuri pakiti: kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65 hivi. Ukinywe mbali na chai, kahawa na maziwa, angalau saa moja, maana huzuia chuma kufyonzwa. Tunda chachu husaidia. Choo cheusi ni kawaida. Tumbo likisumbua, kunywa pamoja na chakula kidogo, au siku moja unywe na inayofuata uruke. Kuacha kabisa kimyakimya ndiko kunakomfikisha mtu kujifungua akiwa na damu ya 8 (gramu za hemoglobini kwa desilita), wakati chini ya 11 tayari ni upungufu.

13. Dawa gani niziogope?

Kwa maumivu na homa, parasetamoli. Ibuprofeni na ndugu zake, diklofenaki ikiwemo, ziepuke, hasa kuanzia wiki 20: hupunguza mkojo wa mtoto na maji yake, na kadiri mimba inavyokwenda zinaweza kufunga mapema mshipa ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni. Isotretinoini ya chunusi, valproeti ya kifafa, wafarini ya kuzuia damu kuganda na dawa za presha za jamii ya enalaprili zina madhara yanayojulikana. Lakini usiache dawa ya kifafa au presha kwa uamuzi wako. Degedege humdhuru mtoto pia. Omba ibadilishwe.

14. Nile kwa ajili ya wawili?

Miezi mitatu ya kwanza huongezi kitu. Ya kati ni kama kalori 340 kwa siku, ya mwisho 450. Aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Mwembamba zaidi ya hapo, mnene pungufu. Kahawa isizidi vikombe viwili vidogo. Ini lina vitamini A nyingi mno, lisiwe chakula cha kila siku.

## Yasipokwenda sawa

15. Nimeona damu. Mimba imetoka?

Huenda haijatoka. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne hutokwa damu katika miezi ya mwanzo, na mimba nyingi kati ya hizo huendelea. Lakini usikae nyumbani kusubiri. Damu kidogo pamoja na maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega ni picha ya mimba ya nje ya kizazi iliyopasuka: damu inayomwagika tumboni hugusa kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), na maumivu husikika begani. Hiyo ni dharura.

Baada ya wiki 20, damu nyekundu isiyo na maumivu huweza kuwa kondo lililokaa juu ya mlango wa kizazi. Mtu yeyote asikupime kwa kidole ukeni kabla ya ultrasaundi.

16. Presha 140/90 na najisikia mzima. Kuna shida?

Ipo. Baada ya wiki 20, 140/90 iliyorudiwa baada ya saa 4, pamoja na protini kwenye mkojo, ni dalili ya ugonjwa unaoweza kuishia kifafa cha mimba. Mzizi wake ni kondo ambalo mishipa yake haikupanuka vizuri katika nusu ya kwanza, kwa hiyo ugonjwa unakuwepo kabla hujauhisi. Walio hatarini huanzishiwa aspirini ya miligramu 75 hadi 150 kuanzia wiki 12, vizuri kabla ya wiki 16.

Kipimo chenyewe kikoseacho kimeogopesha na kimetuliza wengi kimakosa. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. 160/110, kichwa kinachogonga, kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia: hospitali sasa hivi.

17. Mimi ni Rhesus hasi. Maana yake?

Kama mtoto ni chanya, damu yake ikikuingia mwili wako unaweza kutengeneza kinga itakayoshambulia mtoto ajaye. Huzuiwa kwa sindano ya anti-D wiki 28, na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Mimba ikitoka au ukianguka kwa tumbo, uliza pia.

18. Pacha: cha kujua mapema ni nini?

Makondo ni mangapi. Pacha wanaochangia kondo moja wanaweza kunyang'anyana damu, hivyo huangaliwa kila wiki mbili kuanzia wiki 16. Jambo hili husomeka vizuri kati ya wiki 11 na 14. Baadaye ukuta unaowatenga huwa mwembamba na mtaalamu hubaki kukisia. Lidai liandikwe kwenye kadi.

19. Tarehe imepita, tumbo kimya.

Wiki 40 na siku 3 si kuchelewa. Kufikia wiki 41 wengi huanzishiwa uchungu, kwa sababu hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, zaidi baada ya wiki 42. Ila kabla ya kukubali au kukataa, fungua kadi mtazame tarehe ilitokana na nini: hedhi, ultrasaundi ya mapema, au ile ya mwishoni. "Wiki 42" iliyotokana na hedhi ya mzunguko wa siku 40 ni wiki 40 na siku 2. Beba picha ya ultrasaundi ya kwanza, hata kama imefifia.